Uso Uliotokea Kwenye Zulia

Wiki iliyopita, ndugu msomaji, tuliishia pale mke wangu akiwa amesimama mlangoni mwa bafu, ameshika uzi mwekundu wa sufu kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota mende.

"Huu nimeutoa kwenye kola ya shati lako," alisema. "Umetoka wapi?"

Kwa aliyechelewa kujiunga na mkosi wangu, nieleze kwa ufupi. Daktari aliniambia presha yangu imepanda, nitafute jambo la kunituliza moyo baada ya kazi. Wengine hufuga njiwa. Mimi nikajitia kufuma mazulia kwa mashine ya umeme, ile inayoshikwa kama bastola na kushindilia nyuzi kwenye kitambaa kilichowambwa juu ya fremu. Sebule yetu ni ya kunyoosha miguu kwenye kochi na vidole vikafika jikoni. Fremu ikala meza yote ya chakula. Manyoya ya sufu yakaogelea kwenye chai. Mlio wake ukamfanya jirani wa chini agonge dari kwa mpini wa ufagio mpaka chokaa ikamwangukia mwenyewe. Mke wangu ni nesi wa zamu za usiku, mchana ndiyo usiku wake, na usingizi ukamkimbia kabisa.

Ndipo akaniambia: "Bastola itoke au nitoke mimi." Nikamwambia nimeshaiuza. Akaikuta juu ya kabati, nyuma ya masanduku. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Ukinidanganya tena nahamia kwa mama," alisema. "Na sitarudi kwa kubembelezwa."

Basi nikaitoa kweli. Ila sikuiuza. Niliihamishia kwa shemeji.

Sasa rudi nami mlangoni mwa bafu.

"Ni uzi wa zamani huo," nikasema. "Unajua yale manyoya hayaishi ndani ya nyumba."

"Mwekundu hatukuwa nao."

Nesi huyo! Dawa mia huwa anazitambua kwa rangi, mimi nataka kumpita kwenye uzi.

"Basi utakuwa wa dukani kwa Pacha wako. Nilipita kupunguziwa suruali."

"Suruali ile ile ya wiki iliyopita?"

"Ile ile."

"Na ya wiki ya kabla yake?"

"Bado kidogo haijakaa sawa."

"Itakuwa kaptura sasa," alisema, akauweka ule uzi kwenye mfuko wa sare yake ya kazi, akaenda zamu. Hakuniaga.

Ndugu msomaji, ningeweza kumwambia ukweli pale pale na yakaisha. Lakini ukweli wenyewe ulikuwa zawadi yake. Kumbukumbu ya ndoa yetu ilikuwa inakaribia, na nilikuwa namfumia sura yake kwenye zulia, nitundike ukutani, ili aone kwamba ile bastola aliyoichukia haikuwa ya kuchezea. Nilitaka aangalie ukuta na kusema, kumbe. Hilo tu. Neno moja.

Shemeji ni pacha wa mke wangu. Ni fundi cherehani, anaishi peke yake tangu alipoachika, na nyuma ya chumba chake cha kushonea kuna stoo nyembamba yenye milango miwili, mmoja wa ndani na mmoja wa uani. Nilipomwomba hifadhi hakuniuliza maswali mengi.

"Unatengeneza nini?"

"Zawadi. Lakini tafadhali, dada yako asijue. Ibaki kati yangu na wewe."

"Mimi huyu? Nitamwambia nani?" akacheka. "Ingia kwa mlango wa uani, wateja wangu wana midomo."

Fremu yangu ilitoka ukuta hadi ukuta. Ikaikata ile stoo vipande viwili kama pazia. Upande wangu ulikuwa ule wa uani, nyuma ya kitambaa, maana zulia la namna hii hufumwa kwa nyuma na uso wake hutokea mbele. Upande wa mbele ukabaki kwa shemeji. Aliweka kigoda chake pale, akawa anapiga pindo za sare za shule huku tukipiga soga kupitia kitambaa. Sikumwona na yeye hakuniona.

Mimi natengeneza mihuri ya ofisi. Maandishi ya muhuri lazima yachongwe kinyume ili yakigongwa yasomeke, na zulia nalo ni hivyo hivyo: ukichora nyuma jinsi ilivyo, mbele inatoka kinyume. Hapo sikuhitaji mwalimu. Nikachukua picha ya mke wangu, nikaigeuza kwenye kompyuta ya kazini, nikaichapa kwenye filamu ya plastiki inayopitisha mwanga, nikaiweka juu ya taa ya kurushia picha niliyoazima, nikafuatisha mistari kwenye kitambaa kwa kalamu nzito. Fundi ni fundi.

Lakini mashine, jamani! Daktari alisema nitafute utulivu. Nikaukosa hata ule niliokuwa nao. Uzi ulikuwa unakatika kila nikifika kwenye kope. Nikisukuma kwa nguvu, kitambaa kinachanika. Nikisukuma polepole, nyuzi hazishiki, zinamwagika mbele kama tambi. Sindano ikajipinda. Nikainyoosha kwa koleo, ikajipinda upande mwingine. Sufu ikaniingia puani, nikapiga chafya, mkono ukaruka, sikio la mke wangu likawa refu.

"Mbona unatukana?" shemeji akauliza toka upande wa pili.

"Simtukani mtu. Natukana sindano."

"Pumzika kwanza. Chai hii, pokea."

Mkono wake ulipita chini ya kitambaa na kikombe. Ile chai sikuwa nimeiomba. Siku zilivyosonga ikawa inakuja yenyewe. Kile kitambaa cha kichwa alichozoea kukivaa kazini akaacha kukivaa, hilo niliambiwa baadaye, mimi sikuwa na habari. Nilikuwa na vita yangu na sindano.

Jioni moja nilimaliza macho, pua na mashavu, nikawa hoi. Nilikuwa nimejaribu kuchungulia mbele kwa kuinama chini ya fremu, nikaona msitu wa manyoya kama kondoo asiyenyolewa, nikakata tamaa. Aliyekaa mbali kidogo ndiye anayeona vizuri.

"Shemeji," nikaita. "Hapo ulipo unaonaje?"

Cherehani ya mkono aliyokuwa anaizungusha ikanyamaza.

"Naona," akasema.

"Inafanana?"

Nikasikia kigoda kikisogezwa karibu na kitambaa.

"Inafanana mno," akasema. "Mpaka naogopa."

"Uogope nini? Ni sura tu."

Nikarudi kwenye nyuzi zangu nimefurahi. Furaha ya kwanza tangu ninunue lile dude.

Nilipopaka gundi ya nyuma na kuiacha ikauke, nilikuwa nimechoka hadi kwenye mifupa. Bado kazi ya kumalizia upande wa mbele, kunyoa manyoya kwa mkasi na kushona pindo.

"Mengine niachie mimi," shemeji akasema. "Nenda kalale."

Niliporudi kulichukua lilikuwa limeshakunjwa na kufungwa kwa shuka safi. Nikataka kulifungua, nikajizuia. Nilitamani tulione kwa pamoja, mimi na mke wangu, kwa mara ya kwanza.

"Unalipeleka wapi?" shemeji akauliza.

"Nyumbani. Jumamosi nalifungua mbele ya wote."

"Mbele ya mama?"

"Mama ndiye mgeni wa heshima."

"Na dada?"

"Asipokuwepo yeye sasa nani awepo?"

Akakaa kwenye kigoda. Akashika tama.

"Ungeniuliza kwanza," akasema.

"Nikuulize nini tena, shemeji? Nimeteseka nalo peke yangu, acha nilipeleke."

"Liache hapa. Tafadhali. Tulizungumze kwanza."

Nikakasirika. Nilijua tu, ndugu hawa damu ni moja. Mmoja hataki mashine, mwingine hataki zulia. Nikalitia begani, nikatokea mlango wa uani bila kusema asante. Nilipofika njia panda nikageuka, nikamwona bado amesimama pale.

*

Jumamosi ikafika. Nyumba ikajaa watu watano na haikuwa na nafasi ya wa sita.

Mama mkwe alipewa kochi. Jirani wa chini, mwalimu mstaafu, alipewa kiti cha plastiki. Mke wangu ndiye aliyemwalika, kama kumwomba radhi kwa zile kelele. Shemeji alichelewa. Alipoingia hakupita ndani, alisimama dirishani na sahani yake, akawa anaangalia chakula badala ya kula.

Mke wangu alikuwa hajasahau ule uzi. Alikuwa anatabasamu na wageni na kuninyima mimi. Mara mbili nilimwona akiingiza mkono kwenye mfuko wa gauni, nikajua uzi umehamia humo.

Nikaona nisingoje zaidi. Nikasimama.

"Mama, shikamoo tena. Mwalimu, karibu tena. Nina neno fupi. Mke wangu amekuwa akijiuliza naishia wapi jioni, na ule uzi mwekundu umetoka wapi." Nikamwangalia. Akaacha kutabasamu. "Jibu ni hili hapa. Nilikudanganya, ndiyo, lakini nilikudanganya kwa ajili yako."

Nikavuta shuka. Zulia, nililolitundika bila kulifungua, likafunguka ukutani.

Kwa kweli lilikuwa zuri. Macho yalikuwa hai. Midomo ilikuwa na kile kicheko kinachoanza upande mmoja. Nyuma yake nilikuwa nimeweka rangi nyekundu ya jua linalozama. Nikageuka kumtazama mke wangu, ningoje neno langu.

Aliinua mkono, akajigusa shavu.

"Aa," mama mkwe akasema, akasogeza miwani. "Umemfuma Pacha."

"Hapana, mama. Huyo ni mwanao huyu hapa. Mke wangu."

"Mimi ndiye niliyewazaa," akasema. "Kidoti cha mkeo kiko shavu la kushoto. Cha mwenzake kiko kulia. Tangu wakiwa wachanga nawatambua kwa hicho, la sivyo ningemnyonyesha mmoja mara mbili. Huyo ukutani kidoti chake kiko kulia."

Nikaangalia zulia. Nikamwangalia mke wangu. Nikamwangalia shemeji pale dirishani. Ndugu msomaji, mama alisema kweli. Kidoti kilikuwa kulia. Njia ya nywele ilikuwa kulia. Kicheko kilianzia kulia. Kwenye ukuta wangu, siku ya kumbukumbu ya ndoa yangu, nilikuwa nimemtundika shemeji.

"Lakini si wanafanana?" mwalimu akasema kwa sauti ya kutuliza. "Mtu anaweza kuchanganya."

"Mume hachanganyi," mke wangu akasema.

Akautoa ule uzi mfukoni. Akausogeza karibu na zulia. Nyekundu ikakutana na nyekundu.

"Kwa hiyo suruali ilikuwa haipunguzwi," akasema.

"Nisikilize. Nilikuwa stoo kwake, naingilia uani..."

"Unaingilia uani!"

"Ili wateja wasinione!"

"Wasikuone ukifanya nini?"

Kila nilipofungua mdomo kueleza nilizidi kuzama. Presha niliisikia masikioni, inagonga kama ule ufagio wa mwalimu.

"Picha imetoka kinyume!" nikapiga kelele. "Zulia hufumwa kwa nyuma. Ukichora kidoti huku, kinatokea kule. Ni hilo tu!"

Mama mkwe akanitazama kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko hasira.

"Mwanangu, wewe si mtengeneza mihuri? Kazi yako ya kila siku si kugeuza? Leo ndiyo ulisahau kugeuza?"

"Sikusahau, mama. Niligeuza."

"Sasa kama uligeuza, imetokaje kinyume?"

Hata mimi nilikuwa sijui. Niligeuza. Nakumbuka niligeuza. Nikafumba macho, nikajiona tena kule stoo, ile filamu mkononi, natembea kwenda kwenye taa. Na mkono wangu, huu mkono uliozeeka kwenye mihuri, ukafanya ulichozoea. Kazini filamu hulazwa juu ya mpira wa muhuri uso ukiwa chini. Siku zote uso chini. Nikaiweka kwenye taa uso chini.

"Niligeuza mara mbili," nikasema. "Kompyuta iligeuza. Halafu mkono wangu ukageuza kilichogeuzwa. Kikarudi kama kilivyokuwa."

"Ametunga hiyo sasa hivi," mke wangu akamwambia mama yake. "Mmemwona akiitunga."

Akaingia chumbani. Nikasikia zipu ya begi.

"Nitathibitisha!" nikasema. "Mbele yenu. Sasa hivi."

Nikazama chini ya kitanda, nikatoka na fremu ndogo niliyojifunzia mwanzoni, vumbi limenijaa usoni. Mashine nilikuwa nimeirudisha kimya kimya asubuhi ile ile, ndani ya ndoo ya kudekia. Mke wangu aliiona ikitoka kwenye ndoo. Akatingisha kichwa tu.

"Leo tena?" mwalimu akasema, akashika masikio mapema.

"Piga, mwanangu," mama mkwe akasema. "Tuone."

Nikaibana fremu kwenye meza. Nikachora kikombe kwa kalamu, upande wangu, mkono wake ukielekea kulia. Kila mtu akakubali: mkono wa kikombe uko kulia. Nikamwomba mke wangu aje akae upande wa pili, aone kinachotoka. Alikuja na begi mkononi. Hakuliweka chini.

Nikabonyeza. Kimya. Waya ulikuwa haujachomekwa. Nikachomeka. Ikanguruma, ikameza uzi, ikautema. Nikatia mwingine, ukakatika. Jasho likanidondokea kwenye kitambaa, wino ukachuruzika.

"Begi linaniumiza mkono," mke wangu akasema.

"Ngoja! Ngoja, tafadhali."

Tangu siku niliyonunua lile dude sikuwahi kumwomba Mungu kitu. Pale niliomba. Ikakubali. Trrrr, ikapanda ukingo wa kikombe, ikashuka, ikazunguka mkono wake. Dari ya mwalimu ilitetemeka na mwalimu mwenyewe akiwa juu yake. Nikazima.

"Mkono wa kikombe uko wapi?" nikauliza.

Mke wangu aliinama. Akaangalia kwa muda. Akaja upande wangu, akaangalia mchoro, akarudi.

"Uko kushoto," akasema.

"Nilichora wapi?"

"Kulia."

Mama mkwe akainuka akahakikisha. Mwalimu naye akahakikisha, akavua miwani, akavaa, akasema katika maisha yake yote hajaona kikombe kilichohama hivyo. Mama mkwe akaanza kucheka. Kicheko chake kilianza tumboni, kikapanda, mpaka akashika kochi.

"Maskini mkwe wangu! Kumbe ni uchizi tu, si uhuni!"

Mke wangu akaweka begi chini. Nilisikia lilivyotua sakafuni, nikasikia na roho yangu ikitua nayo. Akanisogelea, akanitoa manyoya kwenye nyusi.

"Umeteseka hivi kwa ajili yangu?" akasema.

"Sana."

"Kumbe," akasema.

Neno langu lile! Nimelipata! Nusura nilie mbele ya mwalimu.

Akaenda ukutani, sasa kwa utulivu, akaanza kulipapasa zulia. Alipapasa nywele. Alipapasa kope, zile zilizonivunjia sindano. Akafika kwenye kidoti, akakizungusha kidole polepole. Kilikuwa kimenyolewa vizuri, duara safi, nyuzi nyeusi zimekaa chini kidogo ya nyuzi za shavu, laini kama kidoti cha mtu.

"Umekinyoa kwa ustadi," akasema.

"Kazi ya mkasi mkali hiyo."

"Lakini umesema zulia hufumwa kwa nyuma. Uliiona lini sura kwa mbele?"

"Niliona manyoya tu, sura sikuiona mpaka leo. Wallahi."

"Ulinyoaje usichokiona?"

"Sikunyoa mimi," nikasema, bado natabasamu. "Mbele alimalizia Pacha wako."

Maneno yalishatoka. Nikayasikia nikiwa nimeshayasema.

Kidole cha mke wangu kikasimama juu ya kidoti. Mama mkwe akaacha kucheka. Kisha akamgeukia mwalimu kwa adabu zote.

"Mwalimu, samahani, tupishe kidogo. Tuna mazungumzo ya nyumbani."

Mwalimu aliyekuwa akitaka ukimya wetu kwa majuma mengi aliondoka kwa unyonge, akageuka mlangoni mara mbili. Mlango ukafungwa. Shemeji alikuwa bado dirishani na sahani yake, chakula hajakigusa.

"Ulikuwa unakaa upande wa mbele," mke wangu akamwambia.

"Ndiyo."

"Ukaona ni wewe."

"Tangu kilipotokea kidoti."

"Hukudhani amekosea?"

Shemeji akaiweka sahani kwenye ukingo wa dirisha. Mikono yake ilikuwa haina pa kwenda.

"Aliniambia ni zawadi, wewe usijue, ibaki kati yetu. Hakusema ni ya nani. Akawa anakuja kila jioni kwa mlango wa nyuma. Akaniuliza mwenyewe, inafanana? Nikasema inafanana mno." Akanitazama, mara ya kwanza tangu aingie. "Nilimsihi asililete hapa. Mwulize."

Nilipekua kichwani kila kitu nilichowahi kusema kule stoo. Nilitukana sindano, nilitukana sufu, niliomba maji, niliomba chai. Jina la mke wangu sikulikuta popote.

"Pacha," mke wangu akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Ukauona uso wako unafumwa na mume wangu. Ukamwambia aache?"

"Hapana," shemeji akasema. "Nilimshonea zulia pindo."